Malori ya Mama Yaliyokataa Rangi

Mwanzoni mwa mtaa ninaoishi sasa, Pasiansi, kuna karakana ya kuchomelea mageti. Geti likishakamilika, mafundi hulipaka kwanza rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, kama udongo wa barabarani baada ya mvua, na harufu yake huvuka ukuta wangu bila kupiga hodi. Wapita njia huziba pua. Mimi hufungua dirisha. Ni harufu kali, inachoma puani halafu inaacha kitu kama utamu kooni, na ikinifikia tu najiona nina miaka tisa, nimekaa ndani ya chandarua na mama yangu mchana kweupe, tumenyoosha mikono kama watu waliobeba mayai, na kila mmoja ameshika lori dogo la bati kwa kibanio cha nywele.

Naomba niwaeleze tuliingiaje humo.

Mwaka ule mama yangu alikuwa mwanafunzi. Baba alikuwa akifanya kazi migodini upande wa Geita na kurudi mwisho wa mwezi, na Mama, baada ya miaka mingi ya kusuka watu nywele barazani kwetu Butimba, alikuwa ameingia chuo cha ualimu pale pale jirani. Wenzake walikuwa wasichana waliotoka sekondari juzi, na walimwita Mama Kabula hata darasani, kwa sababu mimi ndiye Kabula. Jumamosi aliendelea kusuka. Vidole vyake vilimetameta mafuta ya nywele saa zote, na nikiingia chumbani ningeweza kukuambia kwa pua peke yake kama Mama alikuwa amepita hapo.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha ulipofika, akapangiwa shule yetu. Tena darasa letu! Kuanzia siku hiyo ikabidi awe mama nyumbani na madamu shuleni. Siku ya kwanza nilinyoosha kidole, nikapaza sauti: "Mama!" Darasa zima likalipuka. Mama akageukia ubao haraka kana kwamba anatafuta chaki, lakini niliyaona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Kicheko kilikatika alipokuja mkufunzi wake kumkagua. Aliitwa Madamu Nyanjige, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, na wanafunzi wa chuo walimwogopa kwa jambo moja: zana yoyote ya kufundishia aliyoonyeshwa, aliichukua na kumpa mtoto mtundu kuliko wote darasani, kisha akakaa kuangalia kitakachotokea. Siku hiyo Mama alitufundisha usafiri wa majini kwa maneno na picha za ubaoni. Tulimsikiliza vizuri. Kipindi kilipokwisha, nikiwa nafuta ubao, nilimsikia Madamu Nyanjige akimwambia kwa upole, "Umeongea vizuri sana, mwanangu. Ila watoto wameshika nini?"

Mama akakitazama kifutio mikononi mwangu.

"Nitakuja tena mara moja, ya mwisho," akasema mkufunzi. "Nataka nikute kitu mikononi mwao."

Tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika kwenye yale mawe makubwa yaliyo juu ya nyumba yetu, ambapo ziwa huonekana lote limelala, Mama akasimama. Kule mbali kivuko cha kwenda Kamanga kilikuwa kinakata maji polepole, kidogo kama sabuni ya kufulia.

"Kabula," akasema, "tunatengeneza kile."

Sijui kama mtu mzima anaweza kukumbuka vizuri furaha ya namna ile. Nilihisi kama tumbo limejaa soda. Kivuko nilikifahamu! Tulikuwa tukikipanda kila tulipokwenda kwa bibi yangu Sengerema. Nilijua mlango wake wa chuma unavyolia ukishushwa, na kondakta anavyopiga kelele malori yapande moja moja, na jinsi maji yanavyopanda ubavuni kila lori linapoingia. Hilo la mwisho ndilo Mama alilolitaka. Alitaka darasa lote lione kwa macho yake kivuko kikizama kidogo kidogo kwa uzito, na kikilala upande mmoja kikipakiwa vibaya.

Alipima kila kitu kwa rula. Lori liwe na urefu wa kidole changu cha kati, gari dogo liwe nusu yake, na kivuko chenyewe kilingane na hayo. "Vipimo vikidanganya, na mimi nitakuwa nimewadanganya," alisema, akafuta mchoro wake na kuuanza upya. Mwili wa kivuko tuliutoa kwenye dumu la mafuta ya kula lililokatwa katikati kwa urefu. Juu yake tukaweka ubao mwembamba, na kingo tukazizungushia spoku za baiskeli. Malori ya kwanza yalikuwa ya karatasi ngumu. Tuliyapakia yote kwenye kivuko katika beseni la maji, na kivuko hakikutikisika hata kidogo, kama ng'ombe aliyetuliwa na inzi. Basi tukatengeneza mengine kwa bati la makopo, tukayakunja kwa koleo, tukatia nati ndani yawe mazito, na magurudumu yakawa washa za boliti, vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati. Hayo yalifanya kazi. Kila moja lilipopanda, kivuko kiliinama kwa heshima na maji yakapanda ubavuni. Nilipiga makofi mpaka jirani akachungulia.

Kilichobaki ni rangi. Bati tupu lilikuwa na maandishi ya kampuni ya mafuta, tena lingeingia kutu majini, na Mama alitaka kuweza kusema, "Lori jekundu lipande kwanza, la bluu lisubiri." Tukapaka rangi ya mafuta iliyobaki baba alipopaka milango. Mekundu, ya bluu, ya njano, na gari moja jeupe la wagonjwa lenye msalaba niliouchora mimi. Yalipokauka yaling'aa hivi kwamba sikutaka kwenda kulala.

Kesho yake Mama akawaita Kulwa na Doto, mapacha wa jirani ambao tulisoma darasa moja, waje wayajaribu. Kulwa alikuwa mpole. Doto alikuwa Doto. Hawakucheza kwa muda mrefu kabla Doto hajanyanyua mkono.

"Mama Kabula, lori lenu linavua nguo."

Ilikuwa kweli. Rangi ilikuwa ikibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, vipande vizima vizima, na vilikuwa vikielea kwenye beseni, vyekundu na vya bluu, vizuri kwa kweli kama hujui maana yake. Lori jekundu lilikuwa bati tupu tena. Doto alikuwa na mlango wa lori la njano kwenye ukucha wake. Mama alikitazama kile kipande, akatazama beseni, halafu akaanza kucheka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Angekuwapo Madamu Nyanjige hapa!" akasema.

Siku iliyofuata tulishuka mjini, Makoroboi, kwenye duka la vifaa la Mzee Jayanti. Babu yake alitoka Gujarati, lakini yeye alizaliwa pale pale, nyuma ya duka, na aliwasalimia wateja kwa Kisukuma kabla hawajamsalimia.

"Mwangaluka, mama! Na huyu?"

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba, mjukuu. Leta nione." Akalipokea lori letu, akalisogeza kwenye mwanga. Mkono wake ulikuwa mkubwa na lori likaonekana kama karanga. "Zuri hili! Lina na mlango wa nyuma! Mmepaka nini?"

"Rangi ya mafuta," akajibu Mama.

"Kabla ya rangi?"

"Rangi ya mafuta."

"Na kabla yake?"

Mama akanitazama. "Hakuna kitu, babu," nikasema.

Mzee Jayanti akacheka mpaka akakaa. "Mbao inakunywa rangi, mjukuu. Ukuta unakunywa. Bati halinywi. Limenyooka, linateleza, rangi itashika wapi? Lazima ulikwaruze kwanza, halafu ulipe kitu cha kati." Akatuonyesha msasa laini wa maji, akatumiminia kwenye kichupa cha dawa praima ya kahawia ile niliyowaambia, ambayo alikuwa akiiuza kwa watu wa mageti. "Pakeni nyembamba. Nyembamba! Si kama siagi kwenye mkate."

Nilibeba kile kichupa mikononi njia nzima. Tulikwaruza kila lori, ndani ya kona na chini ya kabini, mpaka mng'ao ukaisha na bati likawa kama kioo kilichopigwa hewa ya mdomo. Tukapaka praima, ikakauka, tukapaka rangi juu yake. Mama akafunga kamba karibu na dirisha, chini ya taa, tukaning'iniza malori yote yakauke usiku huo, kama samaki wa rangi.

Wale mnaokaa kando ya ziwa mmeshajua kilichofuata.

Jioni ile, jua likiwa halijazama vizuri, wadudu wa ziwani waliinuka. Huwa wanatoka majini kama moshi wa nyumba inayoungua, nguzo nyeusi inayojipinda angani, na upepo ukiwageuzia kwako hakuna pa kukimbilia. Walikuja moja kwa moja kwenye taa yetu. Mama alikuwa nje anaanua nguo, nami nilikuwa kwa kina Doto. Tuliporudi, malori yote yalikuwa na manyoya. Mamia ya wadudu wadogo walikuwa wamenasa kwenye rangi mbichi, mabawa juu, na wengine walikuwa bado wanatikisa miguu. Gari la wagonjwa lilikuwa jeusi.

Mimi niliona ni ajabu ya kuchekesha kuliko zote. Nilimwita Doto aje aone. Mama hakucheka. Aliyatoa malori kwenye kamba moja moja, akayaweka kwenye kapu, akaliweka kapu nyuma ya mlango.

"Njoo ule," akasema.

Asubuhi, kabla hajaamka, nilikwenda kwenye lile kapu. Nilitaka kuwatoa wadudu, basi. Nikakaa mlangoni penye jua na kijiti, nikaanza kuwabandua. Mahali pengi mdudu alitoka akaacha mguu, lakini rangi ilibaki, ngumu, imeshika. Nikashangaa. Nikajaribu kwa ukucha. Imeshika! Kisha nikageuza lori la bluu upande wa pili, na hapo rangi ikatoka na praima yake, kipande kimoja cha mviringo, laini, bila hata kukwaruza. Nikachukua jekundu. Nalo lilikuwa na kimoja, juu ya kabini. La njano lilikuwa na viwili, kimoja kila upande, vikiangaliana.

Niliyatazama yale madoa ya bati tupu kwa muda. Yalikuwa na umbo la yai, yamechongoka kidogo. Moja lilikuwa na mistari myembamba iliyozunguka, kama ile ya mawimbi kwenye mchanga. Nikaweka kidole gumba changu juu yake. Kilikuwa kidogo mno.

Nilipiga yowe, jamani. Nilikimbia nikalipanda godoro na viatu vyangu.

"Mama! Mama, ni vidole vyako! Ni mafuta ya nywele! Yanabanduka pale uliposhika tu!"

Mama aliinuka amefumba jicho moja. Nikamshika mkono, nikachukua kidole chake gumba, nikakilaza juu ya doa. Kikaingia kama ufunguo. Alikaa anakitazama kile kidole chake, akakinusa, akanusa na lori. Siku ya kukwaruza ilikuwa Jumamosi, na alikuwa amesuka watu watatu kabla hajashika msasa.

"Wewe mtoto," akasema taratibu. Halafu akatupa shuka pembeni. "Washa jiko. Tunataka maji ya moto!"

Siku ile sikumbuki kama tulikula. Tuliyakwangua malori yote yakawa bati tupu tena, tukayakwaruza, tukayaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga kwa mswaki wa zamani, tukayasuuza, na Mama akanikataza hata kuyapumulia. Baada ya hapo hakuna kidole kilichoruhusiwa kugusa bati. Tulitumia vibanio vyake vya nywele, vile vyenye meno, na lori likibanwa chini kwenye ekseli ya magurudumu unaweza kuligeuza upendavyo. Kwa sababu ya wadudu, Mama alikishusha chandarua cha kitanda, akakichomeka chini ya godoro pande zote, akatandika mkeka wa zamani juu ya shuka, na tukaingia humo na kichupa, brashi, na malori. Mwanga ulipita kwenye matundu madogo ukatuangukia kama unga. Harufu ya praima ilijaa mpaka macho yakatutoka machozi, na kila baada ya muda tulilazimika kutoka kuvuta hewa, tukacheka, tukarudi.

"Nyembamba!" nilimkumbusha kwa sauti ya Mzee Jayanti.

"Si kama siagi kwenye mkate," akajibu kwa sauti ile ile.

Doto alisimama dirishani akatuuliza kama tunaumwa.

Safari hii tuliyaacha yakauke humo humo, sisi tukalala chini. Yalipokuwa tayari, Mama alilitia lori jekundu kwenye glasi ya maji, likakaa humo mchana mzima. Kila nilipopita nililichungulia. Jioni akalitoa, akalifuta, akalikwaruza kwa ukucha. Tukatazamana. Mama akaanza kucheza pale pale jikoni, mwiko mkononi, nami nikamfuata.

Madamu Nyanjige alikuja siku ya Alhamisi. Alikaa nyuma. Beseni lilikuwa juu ya meza katikati ya darasa, sisi tumelizunguka, waliokuwa nyuma wamepanda kwenye madawati. Mama alianza na sauti iliyotetemeka kidogo, lakini lori la kwanza lilipopanda na maji yakapanda ubavuni, darasa zima lilivuta pumzi na sauti yake ikatulia. Alituita mmoja mmoja. Kila mtu alitaka jekundu.

Ndipo Madamu Nyanjige akainuka. "Yule," akasema, akamwonyesha Doto kwa kidole. "Yule mwenye kifungo kimoja. Mwacheni yeye apakie anavyotaka."

Doto hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alirundika malori yote upande mmoja, na la mwisho aliling'ata kwanza, sijui kwa nini, kabla hajaliweka. Kivuko kikalala, kikasita, kikapinduka. Malori yote yakazama chini ya beseni, tak tak tak. Nilimtazama Mama.

Mama alikuwa anatabasamu. "Nani ataniambia kwa nini?" akauliza.

Sijawahi kuona mikono mingi namna ile. Hata Kulwa, ambaye hakuwahi kujibu swali tangu aanze shule, alikuwa amesimama juu ya dawati anapunga. Alipomaliza kueleza, tena kwa usahihi, Madamu Nyanjige alikunja mkono wa gauni lake, akauzamisha kwenye beseni, akatoa lori lile lililong'atwa. Akalikwaruza kwa ukucha. Akautazama ukucha. Akavua miwani, akalikwaruza tena, kwa nguvu. Lori liling'aa mkononi mwake, jekundu tupu, linadondosha maji.

"Mmefanyaje?" akauliza, na hapo hakuwa anakagua tena.

Mama akafungua mdomo, lakini mimi nilishaanza. Nilimweleza yote, msasa, maji ya moto, praima, vibanio, na mafuta ya nywele, hasa mafuta ya nywele. Madamu Nyanjige alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mama. "Naomba na mimi nipakie," akasema. Akapakia, taratibu, moja kushoto na moja kulia, na tulimshangilia kama amevuka ziwa kweli.

Mama alifaulu. Amefundisha tangu wakati huo, na sasa hivi ni mwalimu mkuu katika shule moja ng'ambo ya ziwa.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na siku zote nimekisimulia kama mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza. Hivi karibuni nilimsimulia mwanangu, Mama akiwa amekaa pembeni anachambua mchele. Nilipofika kwenye wadudu, nikawa nacheka, yeye akaacha kuchambua.

"Jioni ile mimi nilikuwa nimeshaacha chuo," akasema.

Nilidhani anatania.

"Nilikuwa nimeamua. Nililala nikijipangia jinsi nitakavyomwambia baba yako. Nilijiona mtu mzima ninayehangaika na vitu vya watoto, wenzangu wananicheka, na hata rangi inanikataa. Jumatatu nilikuwa niende kuaga."

Nilijaribu kukumbuka uso wake wa asubuhi ile, jicho moja likiwa limefumba, na nilichokiona ni uso wangu tu, nikiwa nimesimama juu ya godoro. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mimi leo nimeshaipita. Nimekwishajua mtu wa umri ule analala na mambo gani kichwani, na anavyoweza kumwambia mtoto "njoo ule" kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nacheza," nikamwambia, "na wewe ulikuwa unahangaika."

Mama akalitikisa ungo, akapuliza makapi.

"Jioni, ndiyo," akasema. "Asubuhi ulinipigia makelele yale, na mimi nikaanza kucheza. Ndiyo sababu nilibaki."